Risiti

Mimi kazi yangu ni chokaa.
Alfajiri, Barabara ya Ngong bado ina umande,
nachanganya ndoo mbili, navuta kamba,
nachora mistari ambayo wengine watakuja kuivuka.
Miaka thelathini na mmoja.
Msiniulize kuhusu vikombe. Niulizeni kuhusu miguu.

Kizito Lumbasi, mtoto wa Makongeni,
nyumba za reli, choo kimoja kwa milango sita,
alikimbia kwanza akiwa amebeba mkate.
Nusu mkate, kifuani, umefungwa gazeti,
na nyuma yake vijana watatu wenye njaa na miguu mirefu.
Mkate ulifika nyumbani. Ulibonyea, lakini ulifika.
Haya mengine yote, raga, nishani, picha ukutani pale baa ya klabu,
ni ule mkate tu, umevishwa ngozi.

Walimwita Risiti.
Aliyemrukia alibaki chini na kipande cha jezi kiganjani,
akikitazama kama mtu aliyelipa asijue amenunua nini.
Bi. Nyaboke, mshonaji wetu, alimlalamikia katibu:
"Huyu mmoja anakula uzi kuliko timu nzima."

Hakuwa na kasi ya ajabu, nawaambia kweli.
Wapo waliomshinda.
Alichokuwa nacho ni kusita:
hatua moja fupi, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko likiwaka,
na beki naye akasita, kwa adabu,
na kwa adabu hiyo hiyo akaachwa.
Nyonga inasema Kibera, bega linasema Karen,
mwenyewe yuko Dagoretti Kona.

Fainali ile ya mvua niliitazama nikiwa nimeshika ndoo.
Mistari yangu imeyeyuka, maziwa ndani ya tope.
Dakika ya mwisho, tumeachwa pointi nne,
akaudaka mpira mbele ya lango letu wenyewe.
Wengine walihesabu watu aliowapita. Mimi nilihesabu nyayo.
Kesho yake zilikuwa bado pale, zimejaa maji:
hamsini na nane,
na katikati moja imepinda, ile ya kusita.
Siku tatu nilifyeka nyasi nikizizunguka.
Katibu akadhani nimezembea.

Goti la kushoto lilipasuliwa mara mbili, la kulia mara moja.
Benki iliyomwajiri ili aichezee
ikakumbuka ghafla kwamba hajui hesabu.
Akaenda Eneo la Viwanda, kwa Mhindi mmoja mpole,
kupima misumari kwa kilo.
Kichwa hakikutajwa na yeyote.
Kichwa, siku hizo, kilimwagiwa maji ya chupa
kikarudishwa uwanjani.
Mara ngapi nilimwona akiinuka
akaelekea upande usio wake,
na jukwaa zima likacheka,
na mimi, na ndoo yangu, nikacheka.

Jumanne iliyopita alikuja.
Koti zito, jua kali, binti yake Nekoye kando,
na mfuko wa dawa wenye siku saba zimeandikwa kwa kalamu nyekundu.
Akaniita kwa jina la refa fulani wa zamani.
Nikaitika.
"Kwetu ni lango lipi?"
Nikamwonyesha lile la upande wa mikalitusi.
Sikuwa na hakika. Kila kipindi huwa wanabadilishana.

Akatembea hadi mstari wa kati, nilioumaliza punde,
akasimama, vidole vya viatu havijagusa weupe.
Nekoye akaharakisha amshike asije akaanguka.
Na hapo, wallahi, ile hatua fupi,
jiko linawaka mahali fulani,
bega huku, nyonga kule,
na mkono wa binti ukafumba hewa.

Alikuwa tayari ng'ambo, anahema, anatabasamu na mikalitusi.
Nekoye akafungua kiganja.
Kifungo kimoja cha koti, na uzi wake.

Chokaa ilikuwa bado mbichi, kisigino kimeivuruga.
Mechi ni Jumamosi, refa ataniuliza kuhusu ule mstari.
Sijaurudia.